Kijiko cha Mawese

Rumonge, Jumapili

Mudogo wangu Chanceline,

Amahoro kwenu huko Kabonga. Hapa ziwani ndagala iko nyingi wiki hii, na watoto hawajambo.

Unakumbuka bwana wangu Bienfait alivyosifu unene wako kwenye harusi ya binamu yetu Cubaka? Tangu siku ile nimekuwa nikimeza kijiko cha mawese kila asubuhi ili nikufikie. Nimekupita. Sasa muganga amenipima, presha ya macho iko juu, na ya damu pia. Anasema uzito umechangia, nipunguze.

Picha yako imefika. Umekonda, na Bienfait anasema imekupendeza. Mimi kwa macho haya naona sura yako tu katikati, pembeni kote ni giza. Afadhali ingekuwa kinyume.

Dada yako,
Elda