Mikono ya Mama Pasi

Jumanne, 4 Machi

Wiki ya tano ya mafunzo ya kazi hapa shirikani. Mama kapiga simu asubuhi kabla sijatoka. Ameshawatangazia majirani wote kwamba mwanawe yuko ng'ambo anatetea wanyonge. Sikumwambia nilichofanya jana: kubandika lebo kwenye mafaili, kuchemsha maji ya chai, kuchomoa karatasi iliyokwama kwenye printa. Shahada ya sheria hiyo! Wanyonge wenyewe sijawaona, labda yule wa kwenye kioo cha chooni.

Meza yangu iko kati ya fotokopi na mlango. Kila anayepita anakigonga kiti changu na kuniomba radhi. Kwa lugha yao najua kuombwa radhi kuliko kusalimiwa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo wamenikumbuka. Kumbe nilichukuliwa kwa ajili ya Kiswahili.

Mkuu wa shirika aliniita ofisini kwake, akavua miwani. Kuna mama anafua na kupiga pasi kwenye hoteli moja kubwa, meneja amezifungia paspoti za wafanyakazi wake wote kwenye droo. Huyu mmoja amethubutu kuja kulalamika, na hakuna anayeelewa anasema nini. Jumatatu nimsikilize. Nilitoka pale nimevimba kichwa. Shati la Jumatatu nimeshalitundika.

Jumatatu, 10 Machi

Alikuja saa kumi, katikati ya zamu mbili. Mtu mzima, makamo ya mama yangu, viatu vya mpira bado vina povu la sabuni. Nikamwamkia shikamoo. Machozi yakamlengalenga.

"Marahaba, mwanangu. Mwaka wa nne huu sijaamkiwa."

Mgongo wa mkono wake wa kulia una kovu la ncha ya pasi, pembetatu kamili, utadhani limechorwa kwa rula. Hotelini wote wanamwita Mama Pasi kwa sababu ya kovu hilo, naye alijitambulisha hivyo hivyo. Jina lake la kwao, anasema, limebaki kwenye paspoti, na paspoti iko kwenye droo ya meneja.

Anachotaka ni kidogo. Kitinda mimba wake anaolewa tarehe ishirini na sita Aprili. Wawili wa mwanzo waliolewa yeye hayupo. "Huyu nataka nikae pale mbele, wanione. Kisha nikirudi nitafua mpaka nichoke."

Nimeandika maelezo kurasa nne. Halafu fomu. Fomu ina kurasa mbili. Wa kwanza unasema malalamiko yake yatapelekwa kwa afisa wa kazi, nao nilimsomea neno kwa neno. Wa pili nilipoufungua alikuwa ameshaanza kuangalia saa ya ukutani. Zamu ilikuwa inaanza, na meneja anafunga mlango kwa aliyechelewa. Mkuu alishanielekeza: watie sahihi zote mbili, inaokoa muda. Nikamwambia huu nao ni hivyo hivyo, mama, weka hapa. Akaweka. Chini yake nikaweka yangu, kwamba nimemsomea mhusika karatasi yote kwa lugha anayoielewa.

Bwana Picha, yule wa kitengo cha habari, kamera yake haikuwa na chaji. Akaniomba nipige kwa simu yangu, mikono tu. Ofisini kuna bango kubwa mlangoni: HATUONYESHI NYUSO. Ndiyo fahari yao. Mama Pasi akauliza picha ya nini. Nikamwambia ya faili. Nami nilidhani ni ya faili. Akaiweka mikono mezani kama mtoto anayekaguliwa kucha.

Jumatano, 19 Machi

Nimesifiwa kikaoni! Mkuu kaionyesha picha ukutani, kubwa kama mlango. Mwanga wa dirishani, kalamu, ile mikono. Akasema hii ndiyo picha ya kampeni ya mwaka huu, na aliyeipiga ni mwanafunzi wetu. Watu wakapiga makofi. Bwana Picha alipiga mawili, nilihesabu.

Nilivishwa kilemba cha ukoka nami nikakivaa, tena nikakikaza.

Nimemtumia Mama picha. Nilitegemea aniambie hongera. Kaniandikia: "Mwanangu, kwani huyu mama hana majirani?" Nikamjibu kwamba hapa kuna kanuni, uso hauonyeshwi, yeye hajui mambo haya. 

Ijumaa, 21 Machi

Mabango yametoka. Liko moja kwenye kituo cha basi karibu na ofisi, na jingine ng'ambo ya barabara mbele ya hoteli yenyewe. Mkuu alilichagua mwenyewe eneo hilo. Meneja ataliona kila akitoka, alisema, limkere.

Nimepiga picha nimesimama karibu na lile la kituoni. Nimetabasamu. Ipo kwenye simu hadi sasa, sijui kwa nini siifuti.

Jumatatu, 24 Machi

Mama Pasi amekuja na mfuko mmoja wa plastiki. Nguo zake zote zimeenea humo. Amefukuzwa kazi, na chumba cha hoteli alichokuwa akilala ni cha wafanyakazi, kwa hiyo kile nacho kimekwenda.

Jumamosi meneja alilibandua lile bango la mbele ya hoteli, akaenda nalo chumba cha kufulia, akalitandaza juu ya meza ya pasi. Akawapanga wanawake wote mstari. Kila mmoja aje aweke mkono wake juu ya bango.

"Mimi sikungoja zamu yangu ifike," Mama Pasi alisema. "Nilimwambia ni mimi. Ya nini kuwasimamisha wenzangu, na mashuka yanawangoja?"

Alikunywa chai. Akaliangalia bango la mapokezini, lile lile, kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu, wala si kwa ugomvi, "Ulisema ni ya faili."

Ningefurahi angenitukana.

Mkuu alipoitwa alisema hatukuonyesha uso. Akarudia. Akauonyesha kwa kidole ule mlango wenye kanuni, kana kwamba mlango ndio uliofukuzwa kazi. Watu kumi na mmoja wenye digrii, na mimi wa kumi na mbili, tumemwita mwanamke huyu Mama Pasi wiki mbili nzima, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kwa nini anaitwa hivyo. Mama yangu, aliyeishia darasa la saba, aliona kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Baadaye Mkuu akalitoa faili, akaufungua ukurasa wa pili, akaiona sahihi. Nilimwona akishusha pumzi. Anaruhusu picha yake itumike kwa matangazo yoyote — ndivyo unavyosema ukurasa wa pili. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuusoma mpaka mwisho.

Alhamisi, 27 Machi

Analala sakafuni kwa mwenzake wa zamu. Nimempelekea blanketi langu. Akalikunja vizuri mno, pembe kwa pembe, akaliweka pembeni. Anasema harusi imebakiza mwezi mmoja kasoro siku moja.

Sijampigia Mama simu tangu Jumapili.

Jumanne, 1 Aprili

Barua imetoka kwa wakili wa hoteli. Nimeitafsiri kwa ajili ya faili, kwa hiyo naijua kwa moyo. Mama huyu, wanasema, alikubali kwa hiari yake na kwa akili zake timamu kulichafua jina la hoteli, na ushahidi ni sahihi yake. Watamshtaki. Na mpaka kesi iishe, paspoti wanaomba ibaki kwao kama dhamana. Kesi kama hizi huchukua mwaka, mwaka na nusu.

Wakili wetu ni mzee anayekuja mara mbili kwa wiki. Aliisoma akasema mbona ni rahisi. Kama hakuelezwa ukurasa wa pili, basi hakukubali chochote. Hana kosa. Afisa wa kazi anaweza kuamuru paspoti irudi siku hiyo hiyo.

Sote tukainamia karatasi zetu. Maana kama hakuelezwa, basi kuna mtu hakumweleza.

Mkuu alinifuata kwenye fotokopi. Hakufoka. Alinikaribisha biskuti. Akasema anaamini nilimsomea, si niliweka sahihi? Akasema shirika hili lina miaka ishirini, limewasaidia maelfu, haliwezi kufungwa kwa ajili ya ukurasa mmoja. Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo jingine kabisa, akaniambia barua yangu ya Juni ameshaanza kuiandika. Nzuri sana.

Funika kombe mwanaharamu apite. Kumbe na wao wanayo hiyo, ila wao wanaiandikia barua ya mapendekezo.

Biskuti nimeila. Hilo nalo niliandike.

Jumatano, 2 Aprili

Kesho kwa afisa wa kazi. Nimeamua nitasema ukweli. Nimeamua mara tatu tangu asubuhi. Kitu ambacho umekiamua kweli unakiamua mara moja tu.

Alhamisi, 3 Aprili

Niko chooni, ofisi ya afisa wa kazi, ghorofa ya kwanza. Nimeomba dakika tano. Naandika magotini.

Tulifika mapema, mimi na Mama Pasi. Mkuu alikuwa bado anaegesha gari. Tukakaa kwenye benchi la korido. Nikasema sasa au basi.

"Mama, ile karatasi ya pili sikukusomea."

"Najua," akasema. "Nina macho. Uliifunua ukaifunika."

"Nisamehe."

"Wakijua watakufanya nini?"

Nikamwambia. Nitarudishwa nyumbani kabla ya muda, bila cheti, na hakuna shirika litakalonigusa tena. Nikamwambia Mama alivyowatangazia majirani. Hata hilo nililisema, Mungu anisamehe. Yote ya kwangu nilimweleza.

Ya kwake sikumweleza. Sikumwambia kwamba akisema ukweli ataipata paspoti yake leo. Nilitaka kumwambia. Mlango wa ngazi ukafunguka, Mkuu akatokea na mkoba wake, nami nikanyamaza kama mtu aliyeokolewa.

Mama Pasi alinigeukia. Aliitazama kola yangu, ilikuwa imejikunja. Akailaza kwa kiganja, akaipitia mara mbili kutoka shingoni kwenda nje, kama anavyopiga pasi.

Ndani tulikuwa sita: afisa, karani wake, meneja na wakili wake, Mkuu, na yule mzee wakili wetu. Na sisi wawili. Nane basi, sijui hata kuhesabu. Wakili wa hoteli alipinga mimi kutafsiri. Afisa akauliza kama kuna mwingine anayeijua lugha hii. Hakuna. Akaniapisha.

Paspoti iko mezani! Meneja ameileta ndani ya bahasha ya plastiki. Picha yake inaonekana, kijana zaidi, na jina lake lile la kwao. Zuri.

Afisa akauliza swali moja tu. Huyu binti alikusomea ukurasa wa pili kabla hujaweka sahihi? Nikatafsiri. Sauti yangu niliisikia mwenyewe ikitoka nyembamba.

Mama Pasi aliishusha mikono yake chini ya meza, yote miwili. Hakunitazama. Akamtazama afisa, akasema kwa Kiswahili, polepole ili nisikose neno:

"Alinisomea karatasi yote."

Maneno matatu. Kisha akaongeza kwangu, kwa sauti ya chini, "Tafsiri, mwanangu. Mama yako anangoja cheti."

Sikutafsiri. Nikasema naumwa tumbo.

Nikiyatafsiri kama yalivyo nitakuwa nimetimiza kiapo. Hilo ndilo linalonichekesha hapa peke yangu. Uaminifu wote wa kazi hii, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa.

Kiapo kilisema nitafsiri maneno yake. Hakikusema chochote juu ya maneno yangu.

Kuna mtu anagonga. Ni Mkuu, anauliza kama niko salama, wanakusanya karatasi, afisa ana kikao kingine saa tano. Nimemwambia naja. Bado anagonga. Nimejiangalia kwenye kioo, kola imelala vizuri kabisa, na tangu anilazie sijathubutu kuigusa. Nikitoka nitayatafsiri maneno yake kwanza, kisha nitasema ya kwangu.