Kitufe chekundu cha Mama

Alhamisi, mvua ya masika, tope mpaka mlangoni.

Leo nimerudi nyumbani mapema. Mvua ilianza asubuhi, mashineni hakuna aliyeleta mpunga wa kukoboa, na bosi akatuambia twende zetu. Sikusikitika.

Niandike haya kabla sijasahau, maana tangu jana nimekuwa na hasira na kitu kisicho na kosa.

Mama yuko kwangu hapa Lipangalala tangu alipoteleza jarubani, kwenye shamba lake la mpunga kule Idete, akavunjika mguu. Daktari amesema asikanyage shamba mpaka mfupa ushike. Kwake Idete anaishi peke yake. Akirudi, najua kesho yake tu atakuwa shambani na ule mguu wake, anafukuza ndege kwenye mpunga.

Jumapili alisema anarudi.

Hakugomba. Alisema kwa upole, anamenya kitunguu: "Mwanangu, kwako ni kuzuri. Ila mimi na vitu vyako hatuelewani. Nashinda kimya kama mgonjwa wa wodini. Jumamosi nipeleke stendi."

Vitu vyangu ni runinga, king'amuzi na sabufa, kila kimoja na rimoti yake. Mimi nimezoea. Hii kwanza, halafu ile, na ya sabufa unaipigapiga kiganjani ndipo inakubali. Mama alijaribu siku mbili akaacha. Kumbe nikiwa kazini alikuwa anakaa anautazama ukuta, na mimi jioni namuuliza kama ameona tamthilia. Nilipojua hilo roho iliniuma.

Jumanne nikapita kwa Mzee Salum, muuza vifaa vya umeme pale sokoni. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza. Akanipa rimoti moja ya kuendesha vyote, ile inayofundishwa. Unaiweka pua kwa pua na rimoti ya zamani, unabonyeza huku, unabonyeza kule, taa inakonyeza, imejua. "Muwekee mama vitufe vitano tu," alinishauri. "Vingine mwambie ni mapambo."

Nilifanya hivyo hivyo. Sauti kupanda, sauti kushuka, chaneli mbele, chaneli nyuma. Na kitufe chekundu nilikifundisha amri mbili, ya runinga na ya king'amuzi, ili akibonyeza mara moja vyote viwili viwake pamoja. Sabufa niliiweka kando. Nilijiona fundi. Mama alibonyeza, vikawaka. Akabonyeza, vikazima. Tukacheka. Akaifunga rimoti kwenye nailoni isije ikaingia vumbi, nami nikaenda kulala nikijua safari ya Jumamosi imeshakufa.

Jana nikamkuta anautazama ukuta tena. Rimoti ameirudisha kwenye boksi lake.

"Nimeiharibu," akasema. "Usinunue nyingine."

Nilijaribu. Runinga inawaka, king'amuzi kinazima. Nabonyeza tena, king'amuzi kinawaka, runinga inazima. Nikabadilisha betri. Nikaipigapiga. Nikamsema Mzee Salum maneno ambayo mfanyabiashara mwaminifu hastahili, na mbaya zaidi, nilimuuliza Mama kwa ukali amebonyeza nini. Akaanza kukunja khanga zake.

Leo ndiyo nimeona kwa macho yangu.

Nilikuwa navua viatu radi ilipopiga upande wa milimani. Hata sijasimama vizuri, Mama ameshashika mkongojo wake, amefika ukutani, amezima swichi ya soketi na kuchomoa waya. Runinga, king'amuzi, hata simu yangu iliyokuwa inachaji. Nani katika bonde hili hafanyi hivyo? Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Jirani yetu wa Idete radi ilimuunguzia runinga hajamaliza hata mwezi nayo.

Radi ikapita. Mama akachomeka, akawasha soketi. Na hapo king'amuzi kikajiwasha chenyewe, taa yake ya kijani ikang'aa, na runinga ikabaki imelala inasubiri kuitwa. Basi nikamwambia abonyeze chekundu. Runinga ikaamka, king'amuzi kikaenda kulala.

Kumbe hata jana alichomoa hivyo hivyo; hakuharibu chochote. Ni mimi niliyeipanga rimoti kwa nyumba isiyo na radi.

Nilitaka kumwambia, "Mama, usiwe unazima ukutani." Maneno yalifika mdomoni nikayameza. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na bila mkono wake huenda leo nisingekuwa na runinga.

Nikakifundisha kitufe upya. Sasa chekundu kinaita runinga peke yake. King'amuzi nimekiacha na tabia yake ya kujiamsha umeme ukirudi. Akimaliza kutazama anazima ukutani, kama alivyozoea. Nikamwomba radhi kwa ukali wa jana. Akasema, "Ulikuwa umechoka," akanyoosha mkono nimpe rimoti.

Mchana wote nimemsikia kutoka jikoni anamkanya dada mmoja wa kwenye tamthilia asiolewe na yule mwanamume. Sauti amepandisha kupita kiasi. Sijamwambia apunguze.

Naogopa kulisema, lakini nalisema: sitaki aondoke. Si kwa ajili ya mguu tu. Nimezoea kurudi nikakuta taa inawaka na mtu wa kuniuliza nimekula nini.

Sasa hivi, jioni, radi imeanza tena. Mama amezima ukutani, tumekaa tunasikiliza mvua kwenye bati, rimoti iko mapajani mwake ndani ya nailoni yake. Kuhusu stendi hajasema neno, nami sijathubutu kuuliza. Ila ameniuliza jambo moja.

"Hii tamthilia, Jumamosi nayo wanaonyesha?"

Sijui. Sijawahi kuangalia.

Nimemwambia wanaonyesha.