Jina la Guka Mnarani

Kiganjo, Jumapili

Guka,

Mama anakohoa bado, lakini kanisani anafika. Ng'ombe wako amezaa ndama mweusi.

Jana redio ilisema Bunge limepitisha mswada: Mnara wa Kihara sasa ati utaitwa Mnara wa Maendeleo. Nikadhani ulipinga mpaka ukatolewa nje. Kumbe mswada wenyewe ni wako!

Babu yetu Kihara alinyongwa na wakoloni pale pale penye mnara. Ulipozaliwa ukapewa jina lake, ndiyo maana hata Mama hukuita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, kana kwamba babu amerudi.

Leo Mama ameniuliza, "Guka atakuja Krismasi?"

Nikamjibu kwamba Guka alinyongwa. Atakayekuja ni mheshimiwa mmoja kutoka Nairobi.

Karibu chai, Mheshimiwa.

Dada yako,
Warigia