Boga la Nestor Ukurasa wa Kwanza

Poltava, 5 Oktoba 1994

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao. Mimi sijambo, ila jino linanitesa. Natumaini mgongo umekuachia na yule ng'ombe ameacha kukupiga mateke. Najua habari zangu zimekufikia kabla ya barua hii, maana wanawake wa sokoni wanalishinda gazeti letu kwa mbio.

Basi sikia kwangu mwenyewe. Mhariri alitaka picha ya mavuno. Jumapili moja Nestor, yule daktari wa mifugo, akafika getini kwangu kavaa suti. Nikamsukumia boga mikononi, nikampiga picha, nikaandika chini yake kwamba boga la kilo ishirini na nane limetoka kwa Yaryna, yaani mimi. Lo! Mwandishi mzima, hadithi zangu zinasomwa mpaka Kyiv, naandika hivyo! Mwanamume kushika boga mlangoni kwa msichana, Mama, wewe unajua maana yake kuliko mimi: posa imekataliwa, nenda zako.

Wilaya nzima imecheka. Akienda kutibu ng'ombe, wenyewe wanamuuliza, vipi daktari, boga umeshalipika au unakausha mbegu kwanza? Mama yake hajatoka nje siku ya tano leo. Jana Nestor akaja ofisini kudai masahihisho. Mhariri akamwambia gazeti linasahihisha uongo tu. Boga lilikuwepo, na yeye alilishika, sasa lisahihishwe nini? Nestor akaniangalia, akasema ameomba uhamisho, Jumatatu anahamia Odesa. Akaondoka bila kuaga.

Hapa ndipo naona haya, Mama. Kila mtu namwambia ilikuwa bahati mbaya. Si kweli. Siku ile niliuona mkate wa posa kwapani mwa mjomba wake aliyesimama nyuma yake, umefungwa kitambaa. Nilijua wamekuja kuniposa. Niliogopa kwamba nikiolewa riwaya yangu itafia sura ya nne, nikakimbilia kamera. Tangu hapo sijaandika hata mstari wake mmoja. Nampenda, Mama, na nimefanya ujinga.

Ijumaa masahihisho niliyoyaandika yatatoka, na jina langu chini: mwandishi alimpa Nestor boga kwa woga, anamwomba arudi Jumapili, jibu limebadilika. Mhariri alicheka mpaka miwani ikamdondoka, kisha akayaweka ukurasa wa kwanza.

Kwa hiyo mpe dereva wa basi vile vitambaa vya tarizi vilivyo sandukuni, vya kuwafunga washenga begani kuonyesha nimekubali. Wasipokuja, nitajifutia machozi navyo.

Nisalimie Shangazi Motria. Usimwambie kitu; mwache anunue gazeti.

Mwanao mkaidi,
Yaryna