Tarehe Niliyoifuta kwenye Besi ya Baba Mkwe

Mshauri wangu mpendwa,

Salamu, na naomba unisaidie kabla sijaongeza kosa juu ya kosa. Mimi ni fundi wa magitaa, nina kibanda changu cha kazi, na wateja wananiita Fundi Nadhifu kwa sababu chombo hakitoki kwangu kikiwa na vumbi, na sifa hiyo ndiyo iliyoniponza. Baba mkwe wangu ni mpiga gitaa la besi, na besi yake ya umeme aliinunua ujanani kwa jasho lake, ni ya zile za zamani hasa, si haya matoleo ya baadaye yanayotengenezwa kwa kuziiga, na wenzake wa bendi wamesikia habari zake mpaka wamezikariri. Majuzi akaniletea niikaze shingo iliyokuwa inacheza, nami kwa kutaka kumfurahisha nikaifungua yote, nikatupa skrubu zenye kutu na nyaya kuukuu zilizovikwa kitambaa, nikaweka mpya, na kwenye kitako cha shingo, pale inapozama ndani ya mwili wa gitaa, nikakuta maandishi ya penseli, tarehe na herufi mbili, yamefifia kwa uchafu, nikayapiga msasa mpaka ubao ukawa mweupe pepepe. Mshauri, sikujua kwamba tarehe hiyo ya kiwandani ndiyo cheti cha umri wa chombo. Mimi ujuzi wangu nimeupata kwenye magitaa mapya.

Basi mpiga dramu wao akaja mazoezini na mgeni anayekusanya magitaa ya zamani, baba akampa besi kwa furaha, akaniita niifungue, mgeni akatazama nyaya, akatazama skrubu, akaitafuta tarehe pale kwenye kitako asiione, akasema kwa upole, "Mzee, chombo ni kizuri, lakini hili ni toleo la baadaye." Mpiga dramu akaangua kicheko: "Kumbe miaka yote ulikuwa unatudanganya mchana kweupe!" Wote wakacheka, na mimi, bisibisi mkononi, nikaanza kuifunga tena.

Tukiwa njiani kurudi baba akaniuliza, "Mwanangu, si wewe uliifungua? Hukuona kitu pale?" Nikamjibu, "Sikuangalia, baba." Akatembea kidogo, akasema, "Basi aliyeniuzia alinidanganya, na mimi nikawadanganya wenzangu." Tangu siku hiyo amelegeza nyuzi zote nne, besi ameisukuma chini ya kitanda, mazoezini haendi, na mke wangu akiniuliza baba ana nini namwambia ni uzee tu.

Usingizi sina. Ile tarehe naikumbuka, hata mwandiko wake naukumbuka, penseli ninayo, na najua majani ya chai yaliyochemshwa yanavyozeesha ubao. Je, nikiandika kitu kilichokuwepo kweli, nitakuwa nimedanganya?

Ni mimi,
Fundi Nadhifu

*

Fundi,

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilitamani nikuvute sikio.

Kufuta tarehe lilikuwa kosa la mikono, na hakuna fundi ambaye mikono yake haijawahi kumkosesha. Lakini "Sikuangalia, baba" ulilisema kwa mdomo, akili zako zikiwa timamu. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Wewe umemvua baba mkwe wako mbele ya wenzake, kisha ukasimama kando kama mpita njia. Mzee wa watu sasa anajilaumu kwa uongo ambao hakuusema, na wewe unaniuliza habari za penseli!

Hiyo penseli iweke chini. Ukiandika, besi ya kweli itabeba tarehe ya kughushi. Yule mgeni ana macho, atautambua mwandiko mpya, na safari hiyo hakuna atakayecheka: watamwita mzee tapeli. Hapo hata ukisema kweli, nani atakuamini?

Kwanza nenda kwa mzee, na usimtangulize mkeo akulainishie njia. Mzee ni baba yake, kwa hiyo mkeo naye atakuwa na ya kwake ya kukwambia. Kisha, baba akikubali, nendeni mazoezini, palepale walipomcheka, uwaambie wote ulichotupa na ulichofuta. Mgeni aitwe tena, atazame yale ambayo hukuyagusa: sumaku zilizo chini ya nyuzi, na rangi iliyofichwa na kibao cha plastiki, mahali ambapo jua halijawahi kufika. Huenda ataridhika, huenda asiridhike, hilo siwezi kukuahidi. Aliyeiona ile tarehe ni wewe peke yako, kwa hiyo shahidi wa mzee ni wewe peke yako.

Nenda leo. Usibebe zawadi, wala usizungukezunguke na habari za mvua na afya. Mwambie, "Baba, tarehe niliiona, na aliyeifuta ni mimi." Akikufokea, kaa. Akinyamaza, kaa vilevile, mpaka yeye mwenyewe akwambie uinuke.