Nilivyomfokea Kitindamimba

Baba Watoto,

Wali uko jikoni, usijifanye huuoni. Kitindamimba anywe dawa ya kikohozi saa sita, hata akinuna.

Asubuhi aliniomba maji, nikamfokea mpaka akajificha chini ya meza. Mtoto hana kosa. Jana wodini tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa arobaini. Mzee mmoja aliniomba maji, nikamwambia, "Subiri kidogo, babu." Niliporudi na kikombe, alikuwa ameshakata roho. Sasa kila anayesema "maji" namsikia yeye.

~~Usijali, nitazoea.~~ Sizoei. Naogopa hata kuvaa sare, mume wangu.

Njoo unichukue kwenye geti la hospitali saa nane mchana. Usipige simu. Kwenye simu nitakwambia niko salama.

Mama Watoto