Sabuni Ndani ya Dawa ya Kitovu

Likoni, Jumanne

Mwanangu Athumani, wa maabara ya hospitali, amenionyesha chombo anachokitengeneza cha kupima dawa ya vidonda, ile ile niitiayo vitovuni, kina waya, utando mwembamba na mshale wa kuonyesha nguvu ya dawa. Akakichovya katika dawa tupu, mshale ukapanda. Nikatia sabuni, kama nifanyavyo siku zote nikiosha vitovu vya watoto wa akina mama niwazalishao. Mshale ukalala!

“Mama, sabuni yaiua dawa.”

“Wewe! Na usafi je?”

“Osha kwa sabuni, suuza sana, ndipo utie dawa.”

Miaka yote hiyo nadhani naitia nguvu. Na asubuhi nimemwosha mtoto wa Mwanasha, wa siku tatu...

Nimekwenda mbio. Kitovu kikavu, alhamdulillahi. Nikamwambia Mwanasha kosa langu. Alimvuta tu mtoto kifuani.